Bodi yako ndogo inazingua? Pita dalili moja moja kabla hujailaumu

Hivi vikompyuta vya bodi moja, Raspberry Pi na ndugu zake, vinafanya kazi nyingi sana nyumbani kwa hela ndogo. Mwingine kakifanya kizuizi cha matangazo kwa nyumba nzima, mwingine sanduku la magemu ya zamani, mwingine seva ya kutunzia picha za familia, mwingine kamera ya mlangoni au kipima joto cha friji. Kinapiga kazi vizuri, kinasahaulika nyuma ya TV, halafu siku moja kinagoma na mwenyewe anasema bodi imekufa. Mara nyingi haijafa. Malalamiko ya watu ukiyafuatilia ni yale yale, na mengi yanaishia kwenye vitu viwili: umeme usiotosha na memori kadi iliyochoka. Kwa hiyo hapa chini utaona narudi kwenye hivyo viwili hata pale ambapo tatizo linaonekana halihusiani navyo kabisa.

Nazungumzia zaidi Raspberry Pi kwa sababu ndo iko mikononi mwa watu wengi tangu ilipotoka 2012. Kwa Orange Pi, Banana Pi na nyinginezo mambo ya umeme, joto na kadi hayana tofauti kubwa, ila maana za taa na majina ya mafaili yanabadilika, cheki maelezo ya bodi yako.

Kabla hujaanza tafuta chaja moja unayoiamini na kadi moja nzima ya akiba. Bila hivyo viwili utakuwa unakisia tu, maana njia ya haraka kuliko zote ya kujua kipi kibovu ni kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja na kuangalia. Kimoja, sio vitatu kwa mpigo, ukibadilisha vitatu ikapona hutajua kilichokuwa kinakusumbua.

Haiwaki kabisa, au inawaka taa nyekundu tu

Angalia taa kwanza. Kwenye bodi nyingi taa nyekundu inasema umeme umefika, ya kijani inacheza pale bodi inaposoma kadi. Raspberry Pi 5 ni tofauti kidogo, ina taa moja inayobadili rangi, nyekundu maana yake imezimwa ila umeme upo, kwa hiyo bonyeza kitufe chake kabla hujaanza kuhangaika.

Hamna taa yoyote? Badilisha kebo, halafu chaja, halafu soketi, kwa mpangilio huo, kebo ndo zinakufa zaidi.

Nyekundu ipo ila kijani haichezi, hapo bodi haioni kitu cha kusoma kwenye kadi. Chomoa, kadi itoe, irudishe mpaka mwisho. Ikigoma iweke kwenye kompyuta yako, na hapa watu wengi wanapoteza data zao: Windows itafungua kipande kidogo cha mwanzo chenye mafaili ya kuwashia, halafu kwa kile kipande kikubwa itakwambia diski inatakiwa kufomatiwa. Kataa. Kadi sio lazima iwe mbovu, ni kwamba Windows yenyewe haisomi ule mfumo wa mafaili wa Linux. Ukiona hata kile kipande kidogo hakifunguki ndo uanze kuishuku kadi.

Kijani ikipepesa kwa mpangilio, mfano mara 4 inapumzika inarudia mara 4, hesabu. 3 ni kushindwa kuwaka kwa ujumla, 4 ni kukosekana kwa faili la start.elf, 7 ni kernel (kiini cha mfumo) haijaonekana, 8 ni tatizo la RAM. Za 4 na 7 kwa kawaida zinaisha ukiandika mfumo upya kwa Raspberry Pi Imager (programu ya kompyuta ya kuandikia mfumo kwenye kadi), ila chagua modeli sahihi ya bodi yako. Kuna watu wanachomoa kadi ya zamani kwenye Pi 3 wanaichomeka kwenye Pi 5 na kushangaa haiwaki, mfumo wa kabla ya 2023 haumjui Pi 5 ni nani.

Ukishafika hapo na bado, kwa Pi 4 na Pi 5 kuna programu ya kuwashia inayokaa kwenye chipu ya bodi yenyewe, nayo huwa inaharibika mara chache. Kwenye Imager kuna chaguo la kutengeneza kadi ya kuirudisha, ukiiweka na kuwasha, skrini inakuwa kijani kitupu na taa inapepesa haraka, hapo imemaliza.

Simama hapa: mipepeso 8 isiyoisha hata kwa kadi nyingine, chipu moja inayochoma kidole sekunde chache tu baada ya kuwasha, au harufu ya kuungua. Chomoa na usijaribu tena. Hapo ni kumpelekea fundi wa elektroniki mwenye vifaa vya kuchomea chipu ndogo, au kama bado ina waranti, irudishe bila kuigusa na pasi ya risasi.

Inajizima na kujiwasha, kuna alama ya radi juu ya skrini, USB zinapotea

Hii ndo mama wa matatizo yote, tukae nayo kidogo.

Bodi inataka volti 5. Ikishuka chini ya volti 4.63 hivi inaanza kulalamika, inaweka ile radi ya njano kwenye kona ya skrini na kupunguza spidi yake ili isizime. Sasa kama yako haina skrini, imekaa kimya nyuma ya rauta, hiyo radi hutaiona milele, utaona tu mambo ya ajabu: waifai inakatika, hard diski inapotea katikati ya kukopi, kadi inaharibika kila baada ya miezi kadhaa. Mtu anabadilisha kadi mara tatu wakati mwizi ni kebo.

Ingia kwenye taminali (dirisha la kuandikia amri) uandike:

`vcgencmd get_throttled`

Ikijibu `0x0` umeme uko poa. `0x50000` maana yake tangu ulipoiwasha umeme ulishawahi kushuka na spidi ikapunguzwa, ila kwa sasa imetulia. `0x50005` maana yake inatokea sasa hivi unavyosoma. Usiipime ikiwa imelala tu, ipe kazi kwanza, cheza video au kopi faili kubwa, halafu ndo uulize, maana umeme mdogo unajificha mpaka mzigo uje.

Sababu kwa kadiri zinavyotokea sana: kwanza kebo ndefu na nyembamba, hasa zile za kuchajia tu. Chaja inaweza kuwa inatoa volti 5 kamili ila nyingine zinapotelea njiani kwenye waya. Tumia fupi na nene. Pili chaja ya simu. Hizi chaja za kasi zimeandikwa wati nyingi na watu wanaziamini kwa sababu hiyo, ila zile wati zinatoka kwenye volti 9 au 12 ambazo bodi haiziombi, kwenye volti 5 inabaki ampia 2 au 3. Pi 3 inataka ampia 2.5, Pi 4 inataka 3, Pi 5 inataka 5. Pi 5 kwenye chaja ya ampia 3 itawaka vizuri tu, ila vyote ulivyochomeka kwenye USB vinagawana ampia 0.6 badala ya 1.6, kwa hiyo hard diski itazungukazunguka inaita na kukata. Watu wengi wa seva za picha wamekwama hapo hapo.

Tatu ni mzigo wenyewe. Hard diski ya kuzunguka isiyo na umeme wake usiitegemeze kwenye bodi, weka habu ya USB yenye adapta yake. Na kuna kisa cha Pi 4 za mwanzo kabisa za 2019, zilikosewa kwenye soketi ya USB-C, hivyo zinakataa kebo fulani za kisasa zenye chipu ndani, haziwaki kabisa. Matoleo ya baadae yalirekebishwa. Kama yako ni ya kipindi hicho tumia kebo ya kawaida tu.

Usiingize umeme kwa kupitia zile pini za juu, namba 2 na 4, eti kwa sababu soketi imelegea. Inawezekana, ila unaruka kinga ya bodi, ukikosea volti kidogo tu imeenda moja kwa moja.

Chaja ikitoa mlio, ikipata joto la kuogopesha au ikiwa na weusi kwenye miguu, itupe. Usiifungue. Ndani kuna vitu vinashikilia umeme wa ukutani hata baada ya kuchomoa. Na kama ni soketi ya ukutani inatoa cheche, hilo ni la fundi umeme.

Ilikuwa nzima, sasa haihifadhi kitu, au inasema mafaili ni ya kusoma tu

Usikimbilie kusema kadi imekufa. Anza na `df -h`. Ikikuonyesha 100% basi imejaa tu, kamera imerekodi mpaka mwisho au logi (kumbukumbu za mfumo) zimevimba, futa za zamani na iweke programu ijifute yenyewe.

Kama haijajaa, andika `dmesg | grep mmc` uone kama kuna makosa. Yakiwepo mengi kadi inaaga. Kinachoziua kwanza ni kuchomoa umeme ghafla wakati inaandika, pili ni kuchoka kwa kuandikwa usiku na mchana, tatu ni kadi feki, imeandikwa GB 128 kumbe ndani ina 16, unapovuka hapo data mpya zinapotea kimya kimya. Ya feki inapimwa kwa F3 kwenye Linux au H2testw kwenye Windows, zinaijaza kadi yote na kuisoma tena. Kadi mpya yoyote ipime hivyo kabla hujaiamini na kitu.

Kurekebisha: kadi iweke kwenye kompyuta nyingine ya Linux, piga `fsck` (amri ya kukagua na kurekebisha mfumo wa mafaili) kwenye kile kipande kikubwa kikiwa hakijafunguliwa (unmounted). Ikipona, kopi kila kitu kwenye kadi mpya siku hiyo hiyo, iliyopona leo haina ahadi ya kesho.

Baada ya hapo zima kwa `sudo poweroff` na usubiri taa ya kijani itulie ndo uchomoe. Kwa kazi ya kuandika muda wote, kama kamera, hamia kwenye SSD ya USB, Pi 4 na Pi 5 zinawaka kutoka huko bila kadi kabisa. Kwa kazi isiyoandika sana, kama skrini ya kalenda ukutani, kwenye `raspi-config` kuna overlay, kadi inafungwa isiandikwe na ukichomoa ghafla haina hasara.

Ila nakuomba sana: kama ndani ya hiyo kadi kuna picha za mtoto au za mtu aliyefariki na hazipo kwingine, usipige `fsck`, usiandike chochote. Itoe, iweke pembeni, mpe mtu wa kurejesha data. Kila jaribio la kurekebisha linaandika juu ya kadi, na kinachoandikwa juu yake hakirudi.

TV haionyeshi kitu

Fupi hii. Hakikisha TV iko kwenye HDMI sahihi, chomeka HDMI kabla ya umeme, na kwa Pi 4 na 5 tumia tundu lililo karibu na la umeme. Zero inatumia HDMI ya mini, Pi 4 na 5 ya micro, hazifanani, usilazimishe. Ikigoma bado jaribu skrini nyingine, kuna TV zinajitambulisha vibaya, hapo unailazimisha kwa kuongeza `video=HDMI-A-1:1920x1080@60D` mwishoni mwa mstari ule ule mmoja wa faili la `cmdline.txt` lililo kwenye kile kipande kidogo cha kadi, usianze mstari mpya.

Siwezi kuingia kwa SSH

SSH ni njia ya kuingia kwenye bodi kutoka kompyuta nyingine kwa kuandika amri. Maelekezo ya zamani yanakwambia jina ni pi na paswodi ni raspberry. Tangu Aprili 2022 hicho kitu hakipo, na SSH yenyewe inakuja imezimwa. Rudi kwenye Imager, weka jina lako, paswodi, washa SSH, jaza na waifai kabisa pamoja na nchi. Nchi usipoijaza waifai inabaki imefungwa.

Nimeweka Pi-hole, sasa nyumba nzima haina intaneti

Pi-hole ndo kile kizuizi cha matangazo cha nyumba nzima. Hapa presha inapanda kwa sababu nyumba nzima inakuangalia wewe. Kwanza rudisha intaneti ya watu: ingia kwenye rauta, DNS (huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba) irudishe ilivyokuwa, zima na uwashe waifai kwenye simu. Halafu ndo uchunguze kwa utulivu.

Sababu ya kwanza, bodi imebadilishiwa anwani na rauta. Jana ilikuwa inaishia 50 leo inaishia 53, na nyumba nzima bado inaiuliza 50. Ifungie anwani kwenye rauta na hilo limeisha.

Ya pili ni bodi yenyewe kuzima, rudi juu kwenye umeme na kadi. `pihole status` itakwambia kama huduma iko hai.

Ya tatu inasumbua sana na wachache wanaijua: saa. Bodi hizi, ukiacha Pi 5 iliyowekewa betri yake ndogo, hazina saa inayotembea umeme ukikatika. Zinakumbuka tu saa ya mwisho iliyoandikwa kwenye kadi, halafu zikiwaka zinauliza muda sahihi mtandaoni. Sasa umeme umekatika masaa mengi, umerudi, bodi inadhani bado ni jana. Kama umewasha DNSSEC (ukaguzi wa saini za majibu ya DNS), majibu ya DNS yanakuja na saini zenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, bodi inaona saini za kesho, inazikataa zote. Ili irekebishe saa inahitaji kufika kwenye seva ya muda, ili ifike inahitaji kulijua jina la hiyo seva, na jina linapitia DNS ile ile inayokataa kila kitu. Inazunguka hapo hapo milele. Andika `date`, ukiona tarehe sio ya leo umempata. Iweke kwa mkono:

`sudo date -s "2025-03-14 09:30"`

(tarehe na saa za kwako bila shaka), intaneti inarudi hapo hapo. Tiba ya kudumu ni kuweka seva ya muda kwa namba ya IP badala ya jina, au kuchomeka kimoduli cha saa cha DS3231 kwenye pini, au kuzima DNSSEC kama hukuwa na sababu ya kuiwasha.

Halafu kuna malalamiko ambayo sio ubovu. Matangazo ya YouTube hayazuiliki kwa njia hii kwa sababu yanatoka kwenye anwani zile zile za video. Na ukiweka DNS ya pili kwenye rauta, 8.8.8.8 mfano, ukidhani ni ya akiba, vifaa vitatumia zote mbili na matangazo yatapita huko.

Waifai inakatikakatika

Umeme kwanza, nishasema. Kisha kasha la chuma, toa bodi nje ujaribu. Kisha hard diski ya USB 3 iliyobanana na bodi, ile inatoa kelele inayoziba waifai ya 2.4 GHz, isogeze kwa kebo ndefu kidogo au hamia 5 GHz. Pi 3B na Zero zote zenye waifai haziioni 5 GHz kabisa, sio ubovu. Zima na hali ya kulala ya waifai kwa `sudo iw dev wlan0 set power_save off`. Kwa kitu cha kudumu kama seva, kama bodi yako ina tundu la kebo ya mtandao, tumia kebo uachane na haya yote.

Inachemka na gemu zinakwama

`vcgencmd measure_temp` ikupe namba. Mpaka nyuzi 70 usijali. Kuanzia 80 bodi inapunguza spidi yenyewe, kwa 85 inabana zaidi. Haitaungua ila gemu litakuwa linavuta. Itoe nyuma ya TV, fungua kasha, gundisha kipande cha chuma cha kupoozea, na kwa Pi 5 usibishane, weka feni.

Sensa inasoma vitu vya ajabu

Hapa kuna dalili moja naipenda kwa sababu inajieleza yenyewe. Umefunga sensa ya joto ya DS18B20 kwenye friji, inasoma nyuzi 4, 4, 5, halafu ghafla 85, halafu 4. Friji haijawaka moto. 85 ndo namba ambayo hiyo sensa inakaa nayo ikiwashwa kabla haijapima chochote, yani umeme ulikatika kidogo kwenye waya ikaanza upya. Kaza viunganishi, hakikisha rezista ya 4.7k ipo kati ya waya wa data na volti 3.3, na kama waya ni mrefu ufupishe. Kwenye programu yako itupe kila 85 inayoruka peke yake.

DHT22 (sensa ya joto na unyevu) ikikosa kusoma kila mara, labda unaiuliza haraka mno, inataka sekunde 2 katikati.

Kitu cha kuogopa ni volti. Pini za data za bodi hizi ni volti 3.3, hazivumilii 5. Sensa ya umbali ya HC-SR04 inarudisha volti 5 kwenye waya wa echo, ukiichomeka moja kwa moja unaweza kuua pini au bodi nzima. Weka rezista mbili, 1k toka kwenye echo kwenda kwenye pini, 2k toka kwenye pini kwenda ardhi (GND). Chomoa umeme kila unapohamisha waya, hesabu pini mara mbili.

Rilei inalia ila taa haiwaki, au haijibu kabisa

Rilei ni swichi inayoendeshwa na umeme mdogo wa bodi ili iwashe umeme mkubwa. Upande wa bodi unaweza kuupima mwenyewe: moduli nyingi za rilei zinataka volti 5 kwenye umeme wake, na nyingine volti 3.3 ya pini haitoshi kuziamsha, tafuta iliyoandikwa inakubali 3.3. Ukisikia mlio wa tiki upande wako umemaliza kazi.

Upande wa pili, ule wa umeme wa nyumba, usiuguse kama hujasomea. Sio kuufungua ucheki waya, sio kupima kwa mita, hata kama umezima swichi ya taa, kwa sababu swichi inaweza kuwa imekata waya usio sahihi na ule wa moto bado uko hai. Zima kwenye meini swichi na uite fundi umeme, mwambie wazi kwamba kuna rilei inayoendeshwa na kompyuta ili aikague kama inabeba ampia za mzigo wako na kama iko ndani ya boksi lililofungwa.

Kama unataka tu kuwasha na kuzima taa kwa simu, nunua plagi janja iliyothibitishwa kiusalama, iendeshe kutoka kwenye bodi kwa waifai, na usishike waya wowote.